Wazee wa Mawe Walioshika Tama

Ameshika tama. Kiganja kimeegemezwa shavuni, kichwa kimelala kidogo upande mmoja, miguu imekunjwa kama ya mzee aliyeketi mkekani tangu alfajiri akisubiri habari asiyoitaka. Kichwani amevaa kofia ya heshima, na juu ya kofia hiyo fundi amechonga kucha za chui, moja baada ya nyingine. Jiwe lenyewe ni laini, ndugu wa lile ambalo mafundi wa Tabaka, kule Kisii, huchongea vifaru na bakuli za watalii. Huyu hakuchongewa mtalii. Alichongwa akae juu ya kaburi.

Pwani ya Afrika Mashariki mtoto akikaa hivyo hukemewa: toa mkono shavuni, unatuitia msiba! Kwa Wakongo wa bonde la chini la Mto Kongo msiba ulikuwa umeshaingia, na kushika tama lilikuwa jambo la wakubwa. Ni chifu anayewawazia watu wake hata baada ya yeye mwenyewe kufukiwa. (Wakongo hapa ni kabila, Bakongo, ambalo mipaka ya wakoloni ililigawa kati ya Angola na nchi mbili zinazoitwa Kongo, si kila raia wa Kinshasa au Brazzaville.)

Sanamu hizi huitwa mintadi, na moja ni ntadi, neno linalotokana na kitenzi cha kutazama. Ntadi ni mtazamaji, mlinzi. Nyingi zimetoka kandokando ya mto, karibu na Boma na Matadi upande wa Kongo, na Noqui upande wa Angola. Zile zinazojulikana leo kwa sehemu kubwa ni za karne ya 19 na mwanzo wa karne ya 20, wakati biashara ya mtoni ilipowatajirisha machifu wa huko kiasi cha kumudu makaburi ya fahari. Si zote zinazowaza. Kuna mama anayenyonyesha, kuna mpiga ngoma. Ilisimuliwa kwamba chifu akisafiri alimwacha ntadi wake nyumbani akae badala yake, na siku ya kurudi jiwe lilimweleza yote yaliyotendeka. Akifa, jiwe lilihamia kaburini. Kazi ikawa ileile, safari tu ndiyo iliyorefuka.

Na katika nchi hiyohiyo, miongoni mwa watu walewale, wakubwa walizikwa na msalaba.

Wageni wengi wakifika hapo hutafuta neno la kueleza wanachokiona, na neno linalokuja haraka ni mchanganyiko: dini ya kigeni kidogo, mizimu kidogo, kama mtu anayepika kande. Neno hilo halitoshi. Kande unaweza kuichambua, mahindi huku, maharage huku. Makaburi ya Wakongo hayachambuliki hivyo, na sababu yake inaonekana vizuri zaidi ukiutazama msalaba mmoja kwa karibu.

Makumbusho ya Metropolitan, jijini New York, yana msalaba wa shaba ya njano uliosubiwa Kongo katika karne ya 16 au 17. Si mkubwa, ukiupima kwa rula ya mwanafunzi, rula inabaki. Yesu aliye juu yake ana uso wa mtu wa Kongo. Linaloshangaza ni majirani zake. Watu wadogo wanne wako naye msalabani, mikono yao imekutanishwa kama ya waombaji: mmoja kileleni, wawili wametua juu ya mikono ya msalaba, kushoto na kulia, na mmoja chini ya miguu. Katika picha za Ulaya, Maria na Yohana husimama ardhini, chini ya Bwana wao. Hawapandi juu. Wawili kati ya hawa wa Kongo wamekaa juu ya mti wa kukingama kana kwamba ni benchi.

Ni akina nani? Wapo wataalamu waliowaita waombolezaji, na wapo waliowaona kuwa ni wahenga. Jibu la kuaminika zaidi halitokani na sura zao bali na mahali walipokaa, na mahali hapo hapaeleweki mpaka mtu ajue msalaba ulikuwa na maana gani Kongo kwa mtu ambaye hajaonana na padri.

Wakongo walikuwa na alama yao ya mistari miwili inayokatana. Huiita dikenga, na mwandishi wao Fu-Kiau Bunseki aliieleza kwa kalamu yake mwaka 1969. Mstari wa ulalo ni maji, kalunga, mpaka wa dunia mbili. Juu yake wanaishi walio hai. Chini yake ni mpemba, nchi ya wafu, iliyopewa jina moja na udongo mweupe (msomaji wa Zanzibar asitafute karafuu huko). Ncha nne za alama ni vituo vya jua: macheo, adhuhuri, machweo, na usiku wa manane ambapo jua linawaka upande wa pili huku sisi tumelala. Binadamu naye ni jua dogo. Anachomoza kwa kuzaliwa, anapanda hadi adhuhuri ya nguvu zake, anatua, anapita chini kwa wafu, kisha anarudi katika mjukuu. Mtu aliyetaka kuapa alichorewa msalaba ardhini na kusimama katikati yake, yaani kwenye mpaka, ambapo wazee walio chini walimsikia sawa na walio juu.

Kuna mabishano kuhusu umri wa alama hii, na ni mabishano halali. Wengine huuliza kama dikenga kama inavyochorwa leo haikujifunza lolote kwa misalaba ya mapadri katika miaka 500 ya kuishi pamoja. Katika mapango na miamba ya Lovo, katika jimbo la Kongo-Central, kwenye zaidi ya maeneo 100 yenye michoro, misalaba imo kati ya picha za wanyama na watu, na mtafiti Geoffroy Heimlich ameonyesha kwamba baadhi yake ni ya Kikristo iliyoingizwa katika desturi ya mahali. Jambo moja halina ubishi: mgeni alipotua na msalaba mkononi, wenyeji walikuwa na pa kuuweka.

Na aliutoa wapi? Baharini. Mwaka 1483 Mreno Diogo Cão alifika kwenye mlango wa Mto Kongo na kusimika nguzo ya mawe yenye msalaba juu. Hebu tulitazame jambo hilo kwa macho ya waliokuwa nchi kavu. Kalunga ni jina la bahari pia. Rangi ya wafu ni nyeupe. Watu weupe wakatokeza majini, wakashuka, wakasimamisha alama ya mpaka ufukweni.

Miaka minane baadaye, tarehe 3 Mei 1491, mfalme Nzinga a Nkuwu alibatizwa na kuitwa João. Wareno walioandika habari za siku zile wanaeleza kwamba punde baadaye mmoja wa wakubwa waliobatizwa aliokota karibu na nyumbani kwake jiwe jeusi lenye umbo la msalaba, lisilofanana na mawe ya nchi ile. Lilibebwa kwa maandamano hadi kanisani. Mapadri walitoa machozi: muujiza! Wenyeji nao walifurahi, kwa sababu mawe ya maumbo ya ajabu ndiyo makazi ya bisimbi, pepo wa ardhi na maji, na jiwe likijitokeza lenyewe mlangoni maana yake pepo wameridhia. Kila upande ulipata ishara uliyoitaka. Hakuna aliyemdanganya mwenzake, na ndivyo mambo yalivyokwenda kwa karne mbili zilizofuata.

Anayezungumza Kiswahili ana upendeleo katika hadithi hii, maana maneno yenyewe ni ya ukoo. Padri aliitwa nganga, yaani mganga. Kanisa likaitwa nzo a nkisi, nyumba ya nkisi, na nkisi ni kile chombo chenye nguvu ambacho mapadri haohao walikuwa wakikichoma moto uwanjani. Biblia ni mukanda nkisi. Wahenga ni bakulu. Kubatizwa ni kudia mungwa, kula chumvi, kwa sababu padri alitia chembe ya chumvi ulimini mwa mbatizwa. Kwetu aliyekula chumvi nyingi ni mzee. Kwao alikuwa Mkristo. Maneno haya hayakubaki mitaani. Katekisimu ya Kikongo iliyochapishwa Lisbon mwaka 1624 chini ya Mjesuiti Mateus Cardoso ndicho kitabu cha kale zaidi kilichobaki kati ya vilivyochapwa kwa lugha ya Kibantu, na humo lugha ya nkisi ndiyo iliyobeba utakatifu.

Mwana wa Nzinga, Mvemba a Nzinga, anayejulikana zaidi kama Afonso wa Kwanza, alishika ufalme mwanzoni mwa karne ya 16 na kuutawala hadi miaka ya 1540. Alibomoa nyumba ya vinyago vya kale. Wakati huohuo alijenga kanisa la Mama Yetu wa Ushindi jirani na kichaka kitakatifu walikozikwa wafalme, na watu wakaliita Ambila, kwenye makaburi. Chaguo hilo la kiwanja linasema mengi kuliko barua zake zote kwa mfalme wa Ureno. Ukitaka dini mpya ishike mizizi Kongo, ijengee penye wafu.

Juu ya Afonso kuna hekaya nzito. Inasimuliwa kwamba mama yake alikataa kuvua hirizi ndogo shingoni, na mwanawe, kwa kuionyesha nchi yote kwamba hana mzaha, akamzika hai. Wanahistoria wanatilia shaka kisa hiki, kwani kinajitokeza katika maandishi zaidi ya karne moja baada ya kifo cha mfalme. Kaburi la Dona Mpolo, hata hivyo, linaonyeshwa Mbanza Kongo hadi leo, na linatajwa miongoni mwa kumbukumbu za mji huo wa kaskazini mwa Angola ulioingizwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2017. Hatua chache kutoka kwenye magofu ya kanisa kuu liitwalo Kulumbimbi, lililojengwa mwaka 1549, wamelala wafalme wengine.

Msalaba wa shaba wa New York ulitoka katika dunia hiyo. Kwa Kikongo misalaba ya aina hiyo huitwa nkangi kiditu, Kristo aliyefungwa. Kufunga ni neno la waganga: nkisi hufungwa kwa kamba, hukazwa, hufungiwa nguvu ndani yake. Mtu aliyepigiliwa misumari mtini, akafa, akashuka kuzimu na kurudi siku ya tatu hakuhitaji maelezo marefu kwa watu wanaoamini kwamba jua hufanya safari hiyo kila usiku. Nkangi kiditu alikaa kwa chifu. Aliletwa barazani watu waape mbele yake, akalazwa juu ya kifua cha mgonjwa, akarithiwa na chifu mpya pamoja na panga na mkia wa nyati. Na wale watu wadogo? Wawili kati yao wameketi juu ya mstari wa ulalo. Wako kwenye maji, mpakani, nusu huku na nusu kule, mahali pa wafu wanaoomba na kuombwa.

Wachimbuzi wamezikuta alama hizi zikiwa bado kazini. Mwaka 1938 Mbelgiji Maurits Bequaert alifukua misingi ya kanisa la mawe huko Ngongo Mbata, na kuanzia mwaka 2012 watafiti wa mradi wa KongoKing walirudi huko na kuchimba pia Kindoki, karibu na uliokuwa mji mkuu wa jimbo la Nsundi. Wakubwa wa huko walizikwa na shanga za kioo, medali za watakatifu na panga za heshima. Hata panga lilikuwa na la kusema: likisimamishwa ncha chini, mpini wake na kingio lake ni msalaba.

Aliyeukataa msalaba hadharani hakuwa mganga wa jadi. Alikuwa Dona Beatriz Kimpa Vita, binti wa ukoo wa heshima, ambaye mwaka 1704 alisema Mtakatifu Antoni ameingia mwilini mwake. Alifundisha kwamba Yesu alizaliwa Kongo. Kila Ijumaa alikufa, akaenda kuzungumza na Mungu, kisha akafufuka. Na aliwaambia wafuasi wake wasiusujudie msalaba, kwa maana ndicho chombo kilichomuua Kristo. Tarehe 2 Julai 1706 alichomwa moto, na kesho yake mabaki ya mifupa yakachomwa tena hadi yakawa majivu matupu. Adhabu ya pili ndiyo iliyokuwa kubwa kwa Mkongo. Bila mfupa hakuna kaburi, na bila kaburi hakuna pa kuweka sanamu, wala sahani, wala mshumaa.

Mshumaa ulikuwa na usiku wake. Mkesha wa Watakatifu Wote na Marehemu Wote, mwanzoni mwa Novemba, ulikuwa kati ya sikukuu kubwa kabisa za ufalme. Watu walitoka kwa maandamano na mishumaa hadi kwenye makaburi ya jamaa zao, wakakesha. Mapadri Wakapuchini, waliofika mwaka 1645 na kupambana na karibu kila tambiko walilolikuta, hili waliliongoza wenyewe.

Baadaye mapadri waliadimika. Miaka mingi ilipita ambapo dini ilishikwa na walimu wenyeji, na misalaba ikabaki mikononi mwa machifu. Wamisionari wapya walipoingia mwishoni mwa karne ya 19, Wabaptisti wa Uingereza mwaka 1878 na Wakatoliki muda mfupi baadaye, walidai waletewe vitu vya uchawi, na kati ya vitu vya mamlaka vya machifu walimkuta Yesu wa shaba, amelainika kwa kushikwa na vizazi, pua na vidole vimesuguliwa hadi kufutika. Mtu anaweza kucheka kidogo hapa.

Kaburi la Mkongo wa kawaida halikuwa na jiwe la kuchonga wala shaba. Lilikuwa na vyombo. Wasafiri wa karne ya 19 waliopita njia za chini ya Boma waliona vilima vya udongo vimetandazwa sahani, mabirika, magudulia ya pombe kali, vikombe vya maua ya buluu kutoka viwanda vya Ulaya. Karibu kila kimoja kilikuwa kimetobolewa au kuvunjwa. Baadhi waliandika kwamba ni hila ya kuwazuia wezi, na huenda wezi walihesabiwa pia. Lakini katika nchi ya wafu mambo huenda kinyume: mchana wao ni usiku wetu, na kizima cha huku ni kibovu cha kule. Sahani ikivunjika upande huu, inafika nzima upande ule. Chombo nacho lazima kife kwanza kabla ya kuvuka.

Desturi hiyo ilivuka kalunga halisi, ndani ya merikebu za watumwa. Huko South Carolina na Georgia, ambako watu wengi wa Kongo na Angola walipelekwa, makaburi ya Wamarekani weusi yalipambwa kwa vyombo vilivyovunjwa, taa na kombe za baharini, mengine nyuma ya makanisa ya Kibaptisti. Kule Haiti kila eneo la makaburi lina msalaba wa Baron Samedi, mkuu wa wafu, na mtu huanza kwake kabla ya kumfikia marehemu wake. Wataalamu wa sanaa Robert Farris Thompson na Joseph Cornet waliziweka pande zote mbili za bahari chini ya paa moja mwaka 1981, katika maonyesho ya Washington yaliyochukua jina la vituo vinne vya jua.

Mintadi nao walisafiri, kwa njia nyingine. Katika miaka ya 1950 Mbelgiji Robert Verly alizunguka kati ya Boma na Noqui akikusanya sanamu za makaburini, na leo wengi wa wazee hao wameketi katika makabati ya vioo Ulaya. Kibao kilicho mbele ya kabati huandika jiwe ni la aina gani na limetoka eneo gani. Jina la aliyekuwa akilindwa ni nadra kulikuta.

Jiwe laini liliacha kuwa nyenzo ya fahari karne ya 20 ilipoingia na saruji. Fundi wa saruji hahitaji kwenda mlimani. Anahitaji mfuko, mchanga, nondo na fomu za mbao. Kwa hiyo katika Kongo-Central makaburi yakabadilika umbo: yakawa vijumba vyeupe, juu yake msalaba, na mara nyingine sanamu ya mtu, tembo, gari au ndege. Chokaa nyeupe ni ya kanisa na ni ya mpemba. Gari ni fahari na ni usafiri. Familia inayoagiza haimwelezi fundi ni theolojia gani inayolipiwa. Inataja ukubwa, inapatana bei, inauliza itakuwa tayari lini.

Saruji ina faida moja ambayo ntadi hakuwa nayo: haibebeki. Atakayeutaka msalaba ule atalazimika kulichukua na kaburi lenyewe. Mbele yake, zege lilipokuwa bado bichi, wengine walikandamiza sahani ya maua ya buluu, ikiwa imetobolewa tundu dogo katikati.